Shauri la Shume

Paka dume akibalehe, nyumba nzima hujua. Jana alikuwa kipaka kinachovuta uzi wa cherehani, leo mashavu yametuna, shingo imejaa, sauti imekuwa nzito, na kila anayeingia ukumbini anauliza, "Hiyo harufu ni ya nini?" Wetu, Nahodha, alifika hapo kabla hajatimiza miezi minane. Tangu hapo nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ikawa na jambo moja la kuamua: ahasiwe, au aachwe kama alivyoumbwa?

Tunaishi katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako tunapika, tunafua na kuamua mambo. Neno la mwisho humo ni la Mama Mkwe. Nahodha aliletwa na binti yetu kutoka mnada wa samaki, rangi ya chungwa yenye milia, macho bado ya buluu ya utoto. Mama Mkwe alimkubali siku ileile, maana panya walikuwa wameshatoboa magunia ya mahindi stoo. "Paka wa nyumba haingwa," alisema, na Nahodha akapata kisahani chake jikoni.

Kwanza ulikuja mkojo. Paka dume anayeweka alama hachutami kama anayejisaidia. Husimama, huugeuzia ukuta mgongo, huinua mkia ukitetemeka, kisha hurusha mkojo kwa nyuma, kwenye kimo cha pua ya paka mwenzake. Nahodha alianza na mlango wa mbele, akaja gunia la mkaa, pazia la chumba chetu, halafu kabati la vyombo. Harufu ile kali hutokana na felinini, kitu ambacho mwili wa paka hukitengeneza na ambacho huongezeka sana kwa dume aliyebalehe, kwa nguvu ya homoni ya testosteroni. Kwa mkojo huo humwambia paka apitaye kwamba hapa pana dume mzima na eneo lina mwenyewe. Kumchapa hakusaidii, kwa sababu hafanyi ukaidi. Mwili ndio unaomsukuma.

Siku alipoulenga msala wa Mama Mkwe, uliokuwa umeshatandikwa kwa ajili ya alfajiri, shauri likawa la nyumba nzima. Mama Mkwe aliuinua kwa ncha za vidole akanyamaza. Yeye ndiye aliyetufundisha, wakubwa kwa wadogo, kwamba paka si najisi: akiramba maji, maji hayo bado yanafaa kwa udhu, na sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote alijulikana kwa jina la Abu Huraira kwa sababu ya paka. Lakini mkojo una hukumu yake. "Mdomo wake tohara, mkojo wake najisi," alisema. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, nitasalia wapi?"

Tuliufua msala kwa sabuni, tukausuuza kwa maji na siki, tukauanika juani. Kesho yake alirudi palepale.

Kisha vikaja vita vya juu ya bati. Mashume wa barabara za jirani walikuwa wakikutana usiku, na Nahodha, kijana mgeni, hakutaka kubaki nyuma. Tulisikia ngurumo, halafu kelele, halafu vishindo vya miili ikianguka uani. Asubuhi moja alirudi shavu limevimba kama andazi, hali, hanywi, mwili wa moto. Daktari wa mifugo alilipasua jipu, usaha ukatoka, akatueleza sababu. Jino la paka ni jembamba na refu. Huingia ndani na vijidudu, kisha ngozi hujifunga juu yake upesi, na uchafu hubaki umefungiwa. Akatuambia pia kwamba kuna virusi vya upungufu wa kinga vya paka. Haviambukizi binadamu, lakini humdhoofisha paka taratibu, na njia yake kubwa ni hayohayo meno ya vitani. Dume anayezurura na kupigana ndiye aliye hatarini zaidi.

Alipopona alianza kupotea. Alikuwa akitoka magharibi na kurudi baada ya siku kadhaa, mwembamba, masikio yamechanika. Binti yetu alikuwa akimtafuta hadi karibu na kituo cha reli, akiita jina lake huku analia, na baba yake nyuma yake ameshika tochi.

Wa mwisho kuleta mashtaka alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwenye paka jike mweupe anayempenda sana. Alikuja na adabu zake zote, akaamkia Mama Mkwe, akakaa kwenye mkeka, kisha akanigeukia. "Shoga, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini kila nikigeuka nina vitoto vya paka, na nyumba yangu si zizi."

Alikuwa na haki ya kusema. Paka jike anaweza kushika mimba hata kabla hajatimiza nusu mwaka. Huibeba kwa wiki kama tisa, na huweza kushika nyingine wakati vitoto vya kwanza bado vinanyonya. Vitoto hivyo vinakoishia tunakujua sote: boksi kando ya soko, mfuko jalalani. Binti yangu aliwahi kulikuta boksi la namna hiyo akitoka shule siku ya mvua, na kilichokuwemo hakikuwa tena cha kuokolewa. Alilala bila kula. Nilipomwona vile niliamua moyoni mwangu kwamba dume wetu hatachangia boksi jingine.

Kuamua peke yangu hakukutosha. Baada ya isha tulikaa ukumbini. Mume wangu alisema kwanza, tena kwa upole. "Mke wangu, mimi sikubishii. Lakini naliona jambo hili ni dhuluma. Tumemchukua mzima, iweje tumfanye pungufu? Yeye hakutuomba."

Nilimsikiliza, kwa sababu huruma yake ilikuwa ya kweli. Nikamwambia kwamba Nahodha hana mke anayemtamani wala ukoo anaoutazamia. Watoto wake hawajui, hawalishi, na akikutana nao kesho atawafukuza. Alicho nacho ni msukumo wa mwili unaompeleka kwenye meno ya wenzake na kwenye magurudumu ya magari, na asipokidhi haja hiyo huzunguka ukumbini akilia usiku kucha. Kile sisi tunachokiita uhuru wake, yeye anakiishi kwa njaa na majeraha. Tukimtoa humo, tunamtoa kwenye mateso.

Mama Mkwe alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dini: je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Ya pili ilikuwa ya stoo: paka aliyehasiwa atakamata panya? Binti aliuliza moja tu: "Ataumia?"

Kabla hatujapata majibu, mume wangu alitaka kulimaliza jambo kwa njia aliyoikuta kijijini kwao. Jumamosi moja aliingia uani na fundi wa kuhasi mabeberu, mzee mwenye jina kubwa kwa wafugaji wa mbuzi. Mzee alikuja na gunia, buti la mvua, wembe mpya na majivu kwenye karatasi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: paka huingizwa buti kichwa mbele ili asing'ate, mtu mmoja hushika miguu ya nyuma, wembe hupita, majivu hupakwa. Ganzi haikuwemo.

Nilisema hapana. Lakini mzee alikuwa ameshamkamata Nahodha shingoni, na buti limeshafika masikioni. Paka alijipinda, akatoka ndani ya buti nyuma mbele, akapanda mkono wa mzee hadi begani, akaruka juu ya ungo wa mchele uliokuwa ukipetwa, akapanda kamba ya nguo na kutokomea juu ya bati. Mchele ulimwagika ua mzima. Mkono wa mzee ulikuwa na mistari mirefu ya damu, na binti alikuwa akipiga mayowe mlangoni. Tulimwosha mzee majeraha kwa maji mengi na sabuni, tukampa nauli ya kwenda zahanati na pole yake, naye akaondoka akisema mbuzi hawana tabia hiyo.

Jioni mume wangu alinisaidia kuokota mchele, akasema mwenyewe, "Hili la wembe tuliache." Na ndivyo ilivyopasa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na msingi wake ni kwamba mnyama anahisi maumivu na aliye naye anawajibika kumwepusha na mateso. Kumkata paka akiwa macho, kichwa ndani ya buti, ni mateso, hata kama mababu walifanya hivyo kwa kukosa njia nyingine. Sisi njia tunayo.

Hofu ya Mama Mkwe niliipeleka kwa Maalim wa madrasa ya mtaani. Nilimweleza yote, pamoja na msala na boksi la mvua. Aliniambia kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Wapo waliokataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani, kauli hiyo ni mashuhuri. Wapo walioruhusu panapokuwa na manufaa, kama walivyosema Mahanafi, na baadhi ya mamufti wa zama hizi huruhusu kwa paka kwa sharti kwamba kuna haja ya kweli na mnyama hateswi wala hadhuriki. Akakumbusha kuwa imepokewa kwamba Mtume alichinja kondoo dume wawili waliohasiwa, na kwamba kuna mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. "Kwa hiyo msimfungie chumbani maisha yake yote mkadhani mmemhurumia," alisema. "Na mkimhasi, afanyiwe na mwenye ilimu, bila kumwumiza."

Nilipomfikishia majibu hayo, Mama Mkwe alitikisa kichwa kukubali. "Basi apelekwe kwa mwenye ilimu."

Tulimpata daktari wa mifugo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Maagizo yake yalikuwa machache: paka asile chochote baada ya usiku wa manane, maji aachiwe hadi asubuhi, aletwe ndani ya kitu kinachofungika. Tulimfungia stoo. Asubuhi daktari alimpapasa tumbo, akaliona limejaa, akatutazama. Binti akaangua kilio. Alfajiri alikuwa amemwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa akilia njaa, akampenyezea dagaa chini ya mlango.

Daktari hakumgombeza. Alichuchumaa mbele yake akamweleza kwamba mnyama akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika, na matapishi yakaingia njia ya hewa akiwa hana uwezo wa kukohoa. "Umempenda," alimwambia, "lakini leo mapenzi yake ni kumnyima." Tukapangiwa siku nyingine, na safari hii ufunguo wa stoo aliushika binti mwenyewe.

Safari ya pili ilivurugika njiani. Tulimtia ndani ya kikapu cha ukili, mfuniko ukafungwa kwa kamba, tukapanda bajaji. Nahodha alitafuna ukili hadi kichwa kikapita, kisha mabega, na bajaji ilipopunguza mwendo sokoni akaruka. Alijichimbia chini ya meza ya mama lishe, katikati ya sufuria na miguu ya wateja. Mume wangu alilala kifudifudi kwenye vumbi akimbembeleza, wateja wakainua sahani zao. Aliyetuokoa ni mama lishe: alivua khanga yake ya juu, akamfunika paka mzima kwa mpigo mmoja, akamviringisha na kutukabidhi. "Paka haonewi kwa nguvu," alisema, "anatiwa gizani." Daktari naye alituambia vivyo hivyo: paka asafirishwe kwenye kreti au boksi gumu lenye matundu, na lifunikwe kitambaa, maana asipoona vurugu hutulia.

Mume wangu aliomba kuingia, na daktari alimruhusu. Yeye ndiye aliyetusimulia. Nahodha alipimwa uzito, kisha akachomwa paja sindano ya ketamini iliyochanganywa na zailazini, na baada ya dakika chache akalegea. Macho yalibaki wazi, kwa sababu chini ya ketamini paka hafumbi, hivyo daktari aliyapaka mafuta yasikauke. Manyoya ya sehemu ile yalinyofolewa, ngozi ikasafishwa, yakakatwa matundu mawili madogo. Kila korodani ilitolewa, mshipa wake ukafungwa fundo, na vidonda vikaachwa vijifunge vyenyewe bila mshono. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Akachomwa sindano ya maumivu na ya kuzuia maambukizi. "Nilitegemea damu," mume wangu alisema. "Sikuona hata ya kulowesha pamba."

Jioni hiyo ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote. Nahodha aliletwa amelegea, ulimi nje kidogo, macho yamekodoka. Mama Mkwe alishika kifua. "Mbona amekufa macho wazi?" Tulimwonyesha mbavu zinavyopanda na kushuka. Alipoanza kuamka alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande, akagonga mlango, akalia kwa sauti tusiyoijua. Tulimlaza juu ya doti ya zamani sakafuni, mbali na ngazi na ndoo za maji, tukamwacha chumba chenye giza na joto la wastani.

Usiku Mama Mkwe, kwa huruma, alikuja na kidonge cha parasetamoli alichokivunja nusu na kukisaga katika maziwa. Nilimshika mkono kwa adabu. "Mama, samahani, daktari amekataza." Maini ya paka hayana uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama yetu, huiharibu damu yake ishindwe kubeba hewa, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mama Mkwe alikimwaga kikombe uani papo hapo, akakiosha mara mbili. Tangu siku hiyo anawaonya wenye paka wote wa barabara yetu, na maneno yake yanasikilizwa kuliko yangu.

Asubuhi Nahodha alikula. Kwa siku kadhaa tulimwekea karatasi za magazeti zilizochanwa badala ya mchanga, usije ukaingia kidondani, na kutoka tulimzuia kwa muda mrefu zaidi. Zuio hilo lilikuwa na sababu nyingine: dume aliyehasiwa hubaki na mbegu mwilini kwa wiki kadhaa na bado anaweza kumtia jike mimba.

Wiki sita baadaye paka mweupe wa jirani alizaa. Jirani alikuja mbio. "Shoga! Na huyu wenu si mlisema amehasiwa?" Tukakaa kwenye mkeka na kalenda. Mimba ya paka ni wiki kama tisa. Kwa hiyo ilishikwa kabla Nahodha hajafika kwa daktari, tena vitoto vya tumbo moja vinaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mashume wengine wa barabara walikuwa hawajahasiwa. Hapo tukaelewa sote jambo ambalo wengi hawaliwazi: kumhasi dume mmoja kunamwokoa yeye na nyumba yake, lakini hakuzuii jike wa jirani kuzaa, kwa kuwa nafasi yake huchukuliwa na dume mwingine. Jike naye lazima afungwe kizazi. Kwake ni upasuaji mkubwa zaidi, tumbo hufunguliwa, na gharama huzidi. Vitoto vilipoachishwa ziwa na kupata wenyewe, tuligawana gharama hiyo na jirani, na urafiki wetu umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa.

Nahodha mwenyewe yukoje? Harufu ilipungua ndani ya wiki chache, na alama za ukutani zikakoma. Kwa wengi huwa hivyo. Madaktari hukadiria kwamba dume mmoja hivi katika kila kumi huendelea hata baada ya kuhasiwa, na aliyekwisha kuzoea ni mgumu zaidi kuacha. Analala nyumbani. Masikio hayajaongezeka matundu. Panya bado anakamata, kwa sababu uwindaji hautokani na korodani, na Mama Mkwe ameridhika na stoo yake. Kilichobadilika ni tumbo: aliyehasiwa hula zaidi na mwili hutumia chakula kidogo zaidi, kwa hiyo tulimpunguzia kisahani, tukamwongezea maji na mchezo. Mume wangu, aliyeliona jambo hili kuwa dhuluma, ndiye sasa anayewashauri marafiki zake barazani.

Nawe uliye na paka dume nyumbani, usingoje aanze kunuka na kutoka damu. Mpeleke akiwa na miezi minne hadi sita, kabla tabia haijakomaa. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, au baraza la nchi yako, na ukatae wembe na majivu hata kama ni bure. Mnyime chakula usiku wa kabla, msafirishe gizani, usimpe dawa ya binadamu. Ukiwa huko muulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka naye huambukizwa na huambukiza. Na kama huna uwezo wa kulipia, ulizia kwa halmashauri yako kuhusu Septemba 28, siku ya kupambana na ugonjwa huo duniani, ambayo hutumika kuchanja. Kisha zungumza na jirani yako mwenye jike. Kumhasi paka dume ni sehemu ya kumfuga, sawa na kumlisha; asiye tayari kwa hilo asichukue kipaka sokoni.